Wexley, Denby na Pasifiki

Baba yangu, Bohumil Hruska, aliandika majina
ubavuni mwa mabehewa, karakana ya Denby, Nebraska.
Rangi nyeupe, mbao nyekundu, brashi ya manyoya ya ngamia,
senti thelathini kwa saa.
WEXLEY, DENBY NA PASIFIKI.
Herufi zilinizidi kimo, mimi mshika kopo.

Nikamuuliza, Wexley ni nani?
Si nani, akasema, ni wapi.
Kitongoji cha Uingereza alikozaliwa karani wa kwanza;
alikichomeka kwenye hati siku ya mvua
kwa kumkumbuka mamake, au kwa kulewa.
Na Denby?
Denby ni sisi. Lakini kabla yetu alikuwa mtu,
tajiri wa hisa kule Filadelfia, hakuwahi kutia mguu hapa.
Alituletea kengele ya kanisa. Ilifika na ufa.

Na Pasifiki?

Hapo baba alinyamaza
mpaka alipomaliza tumbo la P.

Reli yetu ilianzia kiwanda cha matofali
ikakomea shamba la maharage la akina Lindqvist,
maili sitini na moja. Njia ya mwongo fupi.
Mwisho wake palilazwa gogo,
na nyuma ya gogo, kuku.
Bahari ilikuwa bado maili elfu moja na mia tano.
Mabwana walilitia neno lile ili hati za mkopo zinunulike:
nani angetoa pesa yake
kwa Wexley, Denby na Maharage?
Ahadi ni deni. Deni letu lilikuwa na herufi nane,
na baba alilipaka upya kila masika.

Mafundi walikuwa na tafsiri yao.
W.D.P.: Wenye Deni, Poleni.
Mwaka mshahara ulipochelewa wiki saba:
Watalipa Disemba, Pengine.

Kisha Machi moja, theluji ikiwa bado mitaroni,
alishuka penye gogo mwanamke aitwaye Tekla Wasik,
mtoto mgongoni, sanduku limefungwa kwa mshipi wa marehemu.
Alikuwa amesoma behewa huko alikotoka,
akasoma herufi moja moja, kwa kidole,
akakata tiketi mpaka mwisho wa jina.
Akauliza, bahari iko upande gani?
Kondakta, mzee Amsel, mtu wa mzaha hata msibani,
alivua kofia, akaitazama ndani
kama kwamba jibu limeandikwa humo.

Tekla hakurudi. Nauli ya kurudia hakuwa nayo.
Alikodi kibanda, akafungua dobi, akafua mashuka ya hoteli,
na siku za upepo yalipotutumka kambani
watu walianza kusema: napeleka nguo Pasifiki.
Baba alimwandikia kibao. Hakutoza.
Akaniambia ndiyo mara ya kwanza
kuandika neno lile bila kuona haya.

Baadaye tulimezwa na kampuni kubwa.
Jina lake lilikuwa la taifa la watu
waliohamishwa nchi hii kwa bunduki, wakati wa baridi.
Watu waliondolewa, jina likabakizwa
likapewa magurudumu.
Sitaliandika hapa. Limeandikwa mno na wasio wenyewe.
Baba aliliandika siku mbili, akarudi nyumbani,
akaninyoshea mikono kama aliyevunja kitu.
Siku ya tatu hakwenda.

Behewa moja bado liko nyuma ya ghala la nafaka,
limekuwa banda la mbuzi.
Mvua ikinyesha rangi ya juu hulegea
na ya chini huchungulia: kipande cha W, mgongo wa D.
Kinachotangulia kuonekana ni ile alama ya «na»,
iliyojikunja kama mtu aliyekaa akifunga kamba za kiatu.
Baba aliipa mikono mitatu ya rangi, nyingine zote miwili.
Nilimuuliza kwa nini.
Alisema hiyo peke yake
haikuwa imemwahidi mtu kitu.